Medali ya Kinu cha Miwa

Bisha ukitaka, lakini enzi za Sultani, medali ya kinu bora cha miwa kule Pangani alivishwa Chapuo, mswaga maksai.

Mwenye kinu, tajiri Mwinyi Shaweji, alikuwa amemwonya: "Ukifungua mdomo mbele ya waamuzi, kazi huna."

"Sawa, Mwinyi."

Waamuzi wakataka aliyekiunda kinu akizungushe mwenyewe. Shaweji akamchapa maksai wa kukivuta, maksai akalala.

"Mwimbie kama kila siku, wewe!" Shaweji akamgeukia Chapuo.

"Mdomo umeufunga mwenyewe, Mwinyi."

"Basi fungua, nakuomba."

Chapuo akaimba. Maksai akainuka, kinu kikazunguka, maji ya miwa yakatiririka. Waamuzi wakaona fundi ni huyo.

Akisimulia, Chapuo humalizia chini chini: "Kuna kipande nimekiruka. Kinu alikiunda Shaweji kweli. Mimi niliunda uvivu wa maksai tu: nilimzoeza asiinuke bila wimbo wangu."