Makontena ya Tajiri Shekue

Tajiri Shekue aligeuza yadi ya bandari kuwa ghala lake. Makontena yake yalijaa kila upande, huku meli ikisubiri nje. Ikikosa nafasi, ingeenda kupakua shehena katika bandari ya jirani, na makuli wangekosa kazi.

Bi Saumu, msimamizi wa yadi, alimfuata dukani.

"Hayatoki," alisema Shekue. "Mkurugenzi wenu ni shemeji yangu."

"Na yasitoke, tajiri. Nimekuja kukubembeleza uyaache. Waziri akija na wapiga picha, tunataka tumwonyeshe mteja anayeipenda bandari kuliko nyumba yake. Tutayafungua moja moja mbele ya kamera."

"Yote?"

"Hata yale ya nyuma kabisa. Watu wa forodha watakuwepo kukupigia makofi."

Shekue aliweka kikombe chini. "Anakuja lini?"

"Waziri hapigi hodi, tajiri."

Alasiri hiyo hiyo malori ya Shekue yalipanga foleni getini. Kesho yake meli ilikuwa ikipakuliwa, makuli wakiimba, na Shekue akaja kuchungulia.

"Waziri yuko wapi?"

"Hata mimi namngoja," alisema Bi Saumu. "Tangu nilipoajiriwa."