Jani Lililolala Kapuni

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana waliomzika mzee huyu bado wanachuma kahawa hadi leo, aliishi huko mlimani kwenye migomba mzee mmoja aitwaye Anasieli. Sogeeni mnisaidie, maana kisa chake kimenishinda.

Anasieli alihamisha mpaka. Aling'oa isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani, akaupanda ndani ya kihamba cha jirani, shamba lake la urithi, akajipatia mistari miwili ya kahawa. Jirani mwenyewe alikuwa Mzee Eliapenda, mzee wa kanisa wa mtaa wao. Alipoitwa kanisani, Anasieli aliweka mkono juu ya Biblia akaapa kwamba hajagusa kitu. Uongo ukajulikana, akatengwa: asikaribie Meza ya Bwana, na akifa asipigiwe kengele wala kuimbiwa. Miaka minane alikaa hivyo, shingo ngumu.

Kisha akaugua, na ugonjwa ukamlainisha. Akamwita binti yake, Aikande.

"Mwanangu, kata jani la isale umpelekee Eliapenda. Mwambie niliapa uongo. Aje anisikie kabla sijafa."

Jani hilo la kuombea msamaha mnalijua. Mkosaji akilituma, likafika mlangoni, hakuna wa kulikataa. Aikande akalikata, akalitia kapuni, akashika njia. Lakini njia ilipita kwenye ile mistari miwili, na kahawa ilikuwa imeiva, nyekundu kila tawi. Yeye ndiye aliyeipalilia miaka yote minane. Alijua jani likishafika, mpaka utarudi, na kahawa itakwenda nao. Akajiambia, nichume kwanza, baba bado anakunywa uji.

Akachuma siku ya kwanza. Baba akauliza, "Amesemaje?" Akajibu, "Anakuja, baba." Akachuma siku ya pili, jani likiwa chini ya kahawa. Baba akauliza, "Amesemaje?" Akajibu, "Anakuja, baba." Siku ya tatu asubuhi mzee akakata roho, uso umeelekea mlangoni.

Mchungaji akafika, ua umejaa watu. Akauliza kama ilivyo desturi, "Marehemu alikuwa ametengwa. Je, alitubu, na mzee wa kanisa akasikia?"

Mjane, Mama Awinia, akawahi kujibu. "Alitubu. Mzee Eliapenda alilipokea isale kwa mikono yake." Alijua hakuna aliyekuja, alitaka tu mumewe asizikwe kama mtu asiye na Mungu.

Watu wote wakamgeukia Eliapenda. Neno moja tu, "nililipokea", lingempa marehemu kengele, na yeye mwenyewe lingemrudishia kahawa yake.

"Sikulipokea," akasema. "Niliambiwa na majirani kwamba ananiita. Nikasema aliyenikosea alete isale, mimi sitamfuata. Na isale halikufika kwangu."

Aikande alisikia yote hayo. Angeweza kunyamaza. Mama yake angeonekana mwongo, baba yake angeonekana mkaidi hadi pumzi ya mwisho, na yeye asingeguswa na mtu. Alitamani sana kunyamaza, nisiwafiche. Akaenda jikoni, akaleta kapu, akalimwaga pale uani. Jani likaanguka mwisho, limesinyaa.

"Alitubu," akasema. "Alinituma. Nilikaa na toba yake siku mbili, nikichuma."

Hakuna aliyemkemea. Afadhali wangemkemea.

Mchungaji akafuta macho. "Utaratibu unataka toba isikiwe na mzee wa kanisa, na mzee amesema hakusikia. Mmenijibu kweli, nami siwezi kuandika kisichokuwepo."

Anasieli akazikwa kimya mgombani. Watu walitupia udongo wao wakaondoka bila kuagana. Wakabaki watatu kaburini.

"Kosa ni langu," akasema Mama Awinia. "Ningesema tu kwamba alikufa akikuita, labda Mchungaji angelainika. Nilipodanganya, nani tena angetuamini?"

"Kosa ni langu," akasema Mzee Eliapenda. "Kutoka kwangu hadi kitandani pake si hatua mia. Nilijua anakufa, nikakaa nasubiri jani."

"Niacheni," akasema Aikande. "Mimi ndiye niliyemwambia unakuja."

Mama yake akamtazama. "Na leo ndiyo umeona haja ya kusema kweli? Juzi ingemfaa baba yako. Leo imemfaa nani?"

Isale likarudishwa mahali pake, lakini Eliapenda hakuigusa kahawa iliyobaki, wala Aikande hakuigusa, ikakaukia mitini. Jumapili ya Meza ya Bwana ilipofika, waumini wakainuka mstari kwa mstari. Hao watatu wakabaki wameketi, kila mmoja kwenye benchi lake, na Mchungaji akasimama na kikombe mkononi akiwatazama, hajui aanze kumwita yupi.

Mimi nimeishia hapo. Msinijibu kwamba wote watatu, hilo ni jibu la kukwepa. Yuko mke aliyedanganya kwa mapenzi. Yuko mzee aliyesema kweli, lakini hakunyanyuka kwake. Yuko binti aliyesema kweli yote, baba akiwa amekwisha kufa. Je, nani kati yao alimnyima Anasieli kengele?