Mishale Mitatu, Tundu Moja

Mlio macho, niitikieni! Palikuwa na binti mwindaji, Mbeyu. Zimwi likamkamata mdogo wake, likasema, "Ipige ngao yangu mishale mitatu, yote iingie tundu moja. Ukikosa, namla."

Kwa desturi, wajomba zake ndio waliofunga manyoya kwenye mishale yake, kila mmoja ya ndege wake. Mbeyu akajaribu kando: mshale wa manyoya ya kuku ukaanguka, wa tai ukapaa, wa bundi ukapinda.

"Mkono wa kike huo!" wajomba wakamzomea.

"Mkono ni uleule, wajomba! Manyoya yenu ndiyo yanayogombana!"

Akayang'oa yote, akafunga ya bawa moja la kanga. Akaipiga ngao. Wa kwanza ukatoboa, wa pili ukafuata, wa tatu ukaingia palepale. Zimwi likanuna, likamwachia mtoto.

"Dada, mbona sasa ndio unatetemeka?"

"Sasa nina nafasi ya kutetemeka, mdogo wangu."