Kilichogonga Kwenye Gari la Diwani

Jumatatu, fundi Chausiku alibadilisha oili ya gari la diwani Mbwambo. Jumanne gari lilirudi likigonga mbele: ko, ko, ko.

"Usipoupata huo mlio, gereji yako naivunja!" alifoka diwani.

Chausiku alisikiliza kwa heshima zote. "Mheshimiwa, gari zuri hivi haliwezi kuwa bovu. Labda ni mashimo tu. Nikilijaribu kwenye barabara laini nitajua. Wewe ndiye diwani, kwenye kata yetu ipo wapi?"

Diwani alikohoa. Kesho yake greda lilikuja, likasawazisha barabara yote hadi gerejini. Gari likapita kimya.

"Si nilisema, mheshimiwa?"

Diwani alipokuwa akiwapungia watu mkono, Chausiku aliinama akachukua spana yake, ile aliyoining'iniza nyuma ya bampa la mbele Jumatatu.