Jiwe la Bibi Nyamizi

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, na aliye nyuma anisikie.
Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na Mzee Lubinza na mkewe Kulwa. Siku moja Kulwa aliteleza kisimani, puu, akavunjika nyonga. Mfupa ukaunga, lakini mguu ukagoma. Akitembea ni kwaru, kwaru, ameshika ukuta. Kilichomliza si maumivu. Ng'ambo ya kijito aliishi pacha wake, Doto, kipofu, asiyeweza kuja.

Lubinza akamwita Bibi Nyamizi, mkandaji, mzee tunayemkumbuka hadi leo. Akakanda paja kwa mafuta ya nyonyo. Akakunja goti, akanyoosha. Akamwinua Kulwa kwenye kigoda, akamketisha, akamwinua.

"Sasa tembea," akasema. "Wimbo wangu ukiisha, simama."

Akaimba, si mbio, si polepole. Kulwa aliposimama, Bibi akaweka jiwe pale pale.

"Nitarudi siku ya gulio. Jiwe litatuambia kama tunapona."

Gulio likaja, Kulwa akalipita jiwe kidogo. Gulio la pili hakulifikia jiwe. Akakataa uji, akageukia ukutani.

Lubinza hakuweza kuvumilia. Jioni akalisukuma jiwe, su, su, su, karibu na kigoda anapoanzia Kulwa.

Asubuhi ya gulio, Lubinza akiwa malishoni, Kulwa akajiimbia mwenyewe, akatembea. Akaliacha jiwe mbali nyuma. Akacheka peke yake. "Kumbe nimepona! Naenda kwa Doto." Kwaru, kwaru, hadi mteremko wa kijito. Hapo miguu ikaishiwa nguvu, akaanguka. Bibi Nyamizi, aliyekuwa njiani kuja, ndiye aliyemwokota.

Nyumbani Bibi akaona shimo dogo pale jiwe lilipokuwa.

"Lubinza mwanangu, jiwe hili limeota miguu?"

"Nimelisogeza mimi, Bibi. Nilitaka acheke."

Kulwa akamgeukia mumewe.

"Ulinipa mwendo usio wangu, baba. Nipe wangu, hata uwe wa shibiri."

"Basi tangu leo jiwe utaliweka wewe," Bibi akamwambia Lubinza.

Akaliweka. Siku mke alipoishia karibu, aliliweka karibu, akamwambia kweli. Bibi naye akajua paja limechoka, akapunguza kutembea, akaongeza kukanda. Kwaru, kwaru ikawa kwaru, ti. Kisha ti, ti, ti. Jiwe likapita jikoni, likapita zizi la mbuzi.

"Sasa nenda," Bibi akasema.

Kulwa akashuka, akavuka, akapanda. Lubinza nyuma yake, hamgusi.

Doto alikuwa kizingitini. Akainua kichwa.

"Nani anakuja na mwendo huo?"

"Mwenzio wa tumboni."

Doto akampapasa uso. Kisha akainama, akaupapasa ule mguu, taratibu, toka nyonga hadi kisigino. Lubinza akageuka pembeni kujifuta macho.

Ndiyo maana wazee husema: umpendaye mwambie alipofika, naye atajua pa kuanzia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyekufa ganzi na aikunjue miguu.