Bastola ya Siri ya Bi Sikudhani

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura kusema, bali zamani ya juzijuzi yenye vibali na mihuri, palikuwa na mwanamke sonara katika mji wa Mzambarauni. Jina lake Sikudhani binti Mwinyikondo. Kila siku baada ya alasiri alifunga duka, akatia dhahabu kikapuni, juu akaweka mchicha, akapita uchochoro wa nyuma ya soko kurudi kwake. Miaka kumi na mitano alifanya hivyo, na mchicha ukatosha.

Mwaka huo haukutosha. Mjomba wake, Mzee Hatibu, aliyemfundisha kuyeyusha dhahabu tangu yu mwari, alichomwa kisu katika uchochoro uleule. Akafa, na kikapu chake kikaenda. Bi Sikudhani alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya kuondoa matanga akasimama mbele za watu, akainua mkono uliovaa bangili ya marehemu mama yake.

"Hawa watu hawajashiba," akasema. "Zamu yangu inakuja, najua. Basi naweka nadhiri: atakayeniokoa nao, bangili hii ni yake."

Na nadhiri, wasikilizaji wangu, si ahadi ya fundi cherehani. Ukishaitamka huna budi kuitimiza, na umpe mwenyewe hasa. Ukimpa asiyestahili, hujatoa kitu.

Akapanda basi mpaka mkoani, kwa Bwana Ndimbo muuza silaha. Ndimbo akampangia bastola tatu mezani.

"Hii kubwa," akasema, "inatulia mkononi na inapiga mbali."

Bi Sikudhani akaipima kwa kiganja cha sonara, kiganja kinachojua uzito. "Hili jiwe la kusagia, baba. Nitatembea upande."

"Hii ya kati?"

"Itachora umbo lake kwenye gauni. Watu watasema nimeshika mimba ya nyonga."

Ikabaki ya tatu, ndogo, inalala kiganjani. Ndimbo akakuna kichwa. "Mama, nikwambie kweli, biashara baadaye. Hii ni ndogo ina hasira. Inaruka mkononi, ina risasi sita tu, na adui asiwe mbali kupita upana wa chumba. Kubwa ni rahisi kuipiga, ngumu kuibeba. Ndogo ni rahisi kuibeba, ngumu kuipiga. Chagua taabu unayoiweza."

"Naweza taabu ya mfukoni."

"Basi chukua hii. Ila sikiliza, siri ndiyo nusu ya nguvu yake. Asijue mtu."

Asijue mtu! Mtu haondoki na bastola kama anayenunua kitunguu. Kwanza kibali, na kibali kinataka barua ya balozi wa nyumba kumi, na balozi wa Bi Sikudhani alikuwa Bwana Majuto. Majuto akaisoma barua ile kwenye kijiwe cha kahawa, kwa sauti, mwenye pingamizi aseme. Hakupinga mtu. Wakauliza tu ni ya rangi gani na ataivaa upande upi. Majuto hakujua, lakini hakuwa mtu wa kushindwa na swali. "Kulia," akasema.

Ilipofika Ijumaa, wanawake wa bombani walikuwa wakimwamkia, "Shikamoo, Bi Sikudhani. Na mwenzio hajambo?"

Sasa mfuko. Akaenda kwa Fundi Shaweji, aliyeshona mifuko ya siri ya wauza soko kwa miaka thelathini. Shaweji alijua sheria moja ya mfuko: tumbo pana, mdomo mwembamba, kitu kisidondoke. Akashona hivyo hivyo, ndani ya gauni, upande wa kulia, kwani ndio mkono wa watu wengi. Majuto akawa mkweli bila kukusudia.

Bi Sikudhani akajifungia chumbani kuujaribu. Mkono mtupu uliingia na kutoka. Bastola peke yake ilitoka, kwa vidole viwili na kwa kubembelezwa. Lakini ngumi iliyoshika bastola haikutoka hata kwa dua. Akarudi kwa fundi.

"Fundi, huu mfuko unanifunga mimi, si mwizi."

"Dada yangu, Idi hiyo inabisha hodi, na kanzu za watu hizi hapa. Njoo kesho."

Akaenda kesho. Akaenda na kesho yake. Kesho kumi na moja alizihesabu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hata Majuto hakulijua. Siku ya kwanza Bi Sikudhani aliijaza bastola risasi zote sita, akaenda nayo dukani na kurudi. Njia nzima aliona kana kwamba ule mtutu unamnong'oneza paja. Alipofika nyumbani akazitoa zote, akazifukia katika kopo la iliki. Akajiambia ni mpaka mfuko utakaporekebishwa. Aliona haya, maana alijua sababu ni woga.

Basi huyo ndiye mwanamke wetu: ana bastola ya siri inayojulikana na mji mzima, ndani ya mfuko usiotoa kitu, na haina risasi hata moja. Akatembea shingo imenyooka, akalala usingizi wake vizuri kabisa.

Jumanne moja, jua bado lipo, jambazi aitwaye Kidevu akamtokea uchochoroni. Hakugusa kikapu. Hakuchomoa kisu. Mji mzima ulikuwa umemwambia kwamba hatari iko kulia, naye akaanza na hatari. Akamkaba kwa mkono mmoja, mwingine akautumbukiza mfukoni, akaikamata bastola.

Mkono ukagoma kutoka.

Angeiachia angetoka salama, lakini nani aiachie bastola? Akavuta, wakazunguka wote wawili kama wacheza ngoma. Alipoona mambo yamekuwa mabaya, akaminya kifyatulio mle mle ndani. Ka! Akaminya tena. Ka! Bi Sikudhani akausikia ule mlio kwenye mfupa wa paja lake, ndipo akapiga yowe. Wachinjaji wakatoka buchani na visu vyao. Kidevu akapelekwa kituoni huku mfuko wa Shaweji umemvaa kiganjani, maana ilibidi gauni likatwe. Wenzake wawili, waliokuwa mdomoni mwa uchochoro, wakatoweka.

Kituoni Kidevu alilalamika kwamba bastola ile mbovu. Watu wakacheka sana, na askari akamrudishia Bi Sikudhani bastola yake bila kuifungua.

Ijumaa baada ya swala, watatu walikuwa wamekaa kibarazani pa duka la sonara, na nyuma yao nusu ya mji.

"Bangili ni yangu," akasema Ndimbo, aliyekuja na basi la asubuhi. "Mbovu? Bastola yangu haina ubovu. Kilichozuia ni kizuizi cha usalama. Mwenye silaha akikisukuma, haipigi, na mama alikisukuma kama nilivyomfundisha. Bila mimi angekuwa kaburini."

"Wewe ulimuuzia kitu cha kumuua," akasema Shaweji. "Bangili ni yangu. Bila mdomo wa mfuko wangu, Kidevu angechomoa bastola na kumpiga nayo kichwani. Ningeupanua alivyotaka, leo tungekuwa tunamsomea hitima."

"Hukuupanua kwa uvivu!" akadakia Majuto. "Bangili ni yangu. Mzee Hatibu, Mungu amrehemu, nani alimtangaza? Hakuna. Akachomwa kisu kwanza. Huyu nilimtangaza, mwizi akaacha kisu, akafuata mfuko. Bila mimi ni kisu moja kwa moja."

Watu wakaguna. Kila mmoja alikuwa na lake la kweli, na kila mmoja alistahili pia viboko.

Bi Sikudhani akaishika bangili. Kizuizi hakukisukuma kamwe, hata hajui kinasukumwa upande gani. Alizisikia zile Ka mbili. Risasi zingekuwemo, damu yake ingemwagika pale ilipomwagika ya mjomba. Kilichomwokoa ni woga wake mwenyewe, uliolala katika kopo la iliki. Lakini akilisema hilo, Majuto yupo, na kabla ya magharibi mji wote utajua kwamba Bi Sikudhani hubeba chuma kitupu. Wale wenzake Kidevu hawajakamatwa, na kesho alasiri atafunga duka kama kawaida.

Akimpa bangili mmoja wa hawa, ameivunja nadhiri mbele ya Mungu. Akibaki nayo bila kusema neno, ameivunja mbele ya watu. Akaivuta bangili taratibu, ikafika kwenye shina la kidole gumba, ikakwama.

"Haya, Bi Sikudhani," akasema Majuto. "Watu wanangoja."

Nami nawangoja ninyi, maana mimi imenishinda. Muuzaji, mshonaji, mtangazaji: je, nani alistahili? Na kama aliyestahili ni yule mwoga mwenyewe, atajitajaje, kisha apite uchochoroni kesho akiwa hai?