Mkungu Alioupanda Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nani?
Na wewe mwenyewe, lete!

Basi kaeni vizuri, maana ngano hii wengi huisimulia na wote huiharibu.

Palikuwa na Kiboko, mwili kama tangi la maji, akijenga jengo kubwa: maduka chini, nyumba za kupanga juu. Mbele ya jengo ulipita mtaa, na mtaani palikuwa na mti mmoja wa mkungu, mpana. Katika tundu la mkungu ule Bi Kindi alikuwa na watoto, hata macho hawajafumbua.

Siku hiyo Korongo, mwenyekiti wa mtaa, akaita mkutano. Akatandaza mchoro chini.

"Wananchi, hivi ndivyo Bwana Kiboko anavyotaka kuupamba mtaa. Mkungu unakatwa. Huku nyasi, huku nyasi, katikati njia. Toeni maoni."

Kila mtu alijua nani atazila nyasi zile. Lakini Kiboko kakaa mbele, anahema, fuuu, fuuu.

Mbuzi akasema, "Mimi naona sawa."

Bata akasema, "Mimi naona sawa."

Kobe akasema, "Mimi naona sawa, ila soda zimechelewa."

Bi Kindi akapiga hesabu. Akililia watoto, Kiboko atacheka. Akimtukana, Kiboko atamkanyaga. Akaruka juu ya kiti, sauti laini.

"Mwenyekiti, mchoro mzuri. Nauliza tu, mheshimiwa atapanda mti gani?"

Kiboko akainua sikio. "Mti?"

"Kwani yuko mkubwa aliyezindua jengo asipande mti, ukawekwa kibao chenye jina lake?"

"Hayuko," akasema Korongo.

"Basi leteni mche," Kiboko akanguruma.

"Mche wa kufika gotini? Mwili wote huu, mzee wangu, upande kijiti? Si watu watacheka?"

Kiboko akajitazama tumbo. "Watacheka."

"Panda mkungu huu."

"Umeshapandwa huo, we mama."

"Mheshimiwa gani huchimba shimo, mzee wangu? Shimo huchimbwa na wengine, mti huwekwa na wengine, yeye hutupia udongo akapigiwa makofi. Hapa umebaki udongo na makofi. Na watu si hawa, tungoje nini?"

Kiboko akafikiri, na kufikiri kwake si kwa haraka. Mwishowe akashika koleo, akatupa udongo shinani, pu! Akamwaga maji, mwaa! Watu wakapiga makofi, pa pa pa. Kibao kikapigiliwa: MTI HUU UMEPANDWA NA MHESHIMIWA KIBOKO.

Kesho yake fundi Nyegere akaja na shoka, maana mkutanoni hakuwapo. Kiboko akamtokea mbio, gidi gidi gidi.

"Unakata nini hapo?"

"Si ulisema mwenyewe, bosi, mkungu ushuke?"

"Mti nimeupanda jana tu, umekua hivi kwa mkono wangu, wewe unauletea shoka?"

Nyegere akautazama mkungu juu hadi chini, akamtazama bosi, akaenda zake.

Tangu hapo Kiboko huumwagilia kila asubuhi. Kivuli kimetanda, nyasi chini yake hazioti, wala hanuni, kwani kila apitaye husoma kibao akamwambia, "Shikamoo, mpanda miti." Bi Kindi yuko juu na wanawe, wanamenya kungu, kacha kacha.

Funzo lake, enyi wadogo, ni hili: wakubwa wakiwaita mtoe maoni, semeni yote ya moyoni bila kuzunguka. Mtasikilizwa.

Ngano imekoma. Kama ni tamu, nimeitunga mimi. Kama ni chachu, niliisikia kwa jirani.